Kipimo cha Dakika 60 na Watoto Wenye Ulemavu wa Masisi na Walikale

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2020 kuhusu shughuli za mwili uliwawekea watu wenye ulemavu mapendekezo yao mahususi, jambo ambalo mwongozo wa 2010 haukulifanya. Mtoto mwenye ulemavu wa miaka 5 hadi 17 anapendekezewa kiwango kilekile cha wenzake: wastani wa dakika 60 kwa siku za kuutumikisha mwili kwa nguvu ya kati au kubwa, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa angalau siku 3 kwa wiki. Usawa huo ni haki, maana mtoto huyu amezoea kuambiwa akae pembeni atazame wengine wakicheza. Hata hivyo, katika wilaya za Masisi na Walikale, Kivu Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kipimo hiki hakifai. Kinahesabu jasho, ilhali kilichopungua ni mchezo, mapumziko na njia inayopitika.

Kwamba mazoezi yanamfaa mtoto mwenye ulemavu, hakuna anayebisha. Mabishano yako kwenye msingi wa namba yenyewe. Faida ambazo WHO inazitaja mahususi kwa watoto hawa ni chache: uwezo wa kufikiri kwa wenye tatizo la kukosa umakini na utulivu, na uwezo wa mwili kwa wenye ulemavu wa akili. Nyingine zimeazimwa kutoka kwa watoto wasio na ulemavu, na sehemu kubwa ya tafiti imefanyika katika nchi tajiri, ambako tatizo ni gari, kiti na skrini. Mtafiti Vincent Onywera na wenzake wameonyesha kuwa hata ndani ya Kenya mtoto wa kijijini huutumia mwili kuliko wa mjini. Agizo lililoandikwa kwa wanaokaa mno haliwezi kupewa wanaochoka mno bila kuchunguzwa upya.

Ushahidi mzito zaidi umo ndani ya mwongozo wenyewe. Unakubali kwamba dakika hizo zaweza kupatikana katika michezo, somo la mazoezi shuleni, safari za kila siku, au kazi za nyumbani. Achukuliwe mtoto wa Masisi asiyeweza kukanyagia mguu mmoja, anayetembea kwa magongo mawili. Hutanguliza magongo, kisha huurusha mwili mzima katikati yake. Mwendo huu hugharimu takriban mara mbili ya nguvu inayotumika kutembea umbali uleule kwa miguu miwili, na hapo ardhi iwe tambarare. Masisi ni mteremko kwenda na mlima kurudi. Wenye miguu mizima wenyewe husukuma mizigo kwa chukudu, kigari cha mbao cha magurudumu mawili. Msimu wa mvua ncha ya gongo huzama topeni, na kila hatua ni kuling'oa upya. Mikono haina nafasi ya kushika bidoni, hivyo maji hufungwa mgongoni. Jioni mtoto huyu amekwisha kutimiza dakika 60 bila kugusa mpira. Kwa hesabu ya mwongozo hana kasoro, ingawa mabega yanamuuma, viganja vimechubuka, na shuleni alifika somo la kwanza limekwisha.

Upande wa pili wako ambao kweli hawasogei. Mwenye mtindio mkali wa ubongo huachwa mkekani mama anapokwenda shambani, na mapigano yakizuka hubebwa mgongoni hata akiwa na miaka 8. Misuli hukaza, nyonga huteguka taratibu. Kinachomfaa ni kubadilishwa mkao, kunyooshwa viungo na kusimamishwa kwa kuegemezwa, mara nyingi na kwa muda mfupi.

Mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu naye ana masharti yake: kunywa maji mara kwa mara, kupumzika na kuepuka baridi, kwani ukavu wa mwili na baridi huchochea maumivu makali. Masisi, kwenye milima inayopita mita 2,000, mvua humkuta mwanafunzi akiwa bado na jasho la mchezo. Katika misitu ya chini ya Walikale tishio ni joto na malaria. Mwalimu wa kwanza anahitaji nguo kavu za kumvisha mtoto, wa pili maji na kivuli.

Yapo mapingamizi. Mwongozo unaruhusu kuanza kidogo kidogo kulingana na hali ya mtoto. Ni kweli, ila ruhusa hiyo haisemi lolote juu ya juhudi iliyozidi. Zito zaidi ni kwamba kazi nazo ni ushiriki, na anayeondolewa kazini huonekana mzigo. Hilo halina ubishi. Apunguziwe ujazo wa bidoni, asinyang'anywe.

Sheria haikosekani. Kongo iliridhia mwaka 2015 Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 30 inamtaja mtoto na haki yake ya kucheza, shuleni pia. Ikafuata Sheria Na. 22/003 ya 3 Mei 2022. Kinachokosekana ni ufikaji. Mguu bandia wa mtoto anayekua huhitaji kubadilishwa mara kwa mara, na huduma hiyo iko Goma, kwenye kituo cha Shirika la Umoja. Mwaka 2025 kundi la waasi la M23 liliteka mji wa Masisi na Goma mwezi Januari, kisha mji wa Walikale mwezi Machi, na safari ya kwenda kituoni ikazidi kuwa ngumu.

Daftari la kituo cha afya huko Mweso, Pinga au Itebero liandike basi iwapo mtoto alicheza na wenzake wiki hiyo, iwapo alilala bila maumivu, na iwapo gongo bado linalingana na kimo chake. Muuguzi anaweza kuyajua hayo bila mashine yoyote, na yumkini yangefaa pia nje ya Kivu, popote ambapo mtoto mwenye ulemavu huishi kwa kutembea na kubeba.