Tucson, Soko la Mawe Lililoanzia Shuleni

Maonyesho ya madini ya Tucson, Arizona, yalianza mwaka 1955 katika shule ya msingi, yakiandaliwa na chama cha wapenzi wa mawe wa mji huo. Miaka ya 1960 Paul Desautels, msimamizi wa madini wa makumbusho ya Smithsonian, alikuwa mgeni wao. Wafanyabiashara nao wakamiminika, wakakodi vyumba vya moteli na kupanga mawe juu ya vitanda.

Desturi hiyo ya vyumbani naipenda mno. Nimekulia Arusha katika udalali wa vito. Tucson napita mlango hadi mlango na tochi na lenzi, nikisaka tanzanaiti ya Mererani isiyochomwa wala kukatwa, ncha yake nzima, grafiti ingali imeishikilia. Tangu igunduliwe mwaka 1967, nyumbani tumezoea kuipima kwa kito kitakachopatikana baada ya kukatwa. Mkusanyaji hulipia umbo ililozaliwa nalo.

Ndugu zangu wana-Apolo, wachimbaji wa migodi ya Mererani, mkiikuta fuwele imesimama juu ya mwamba wake, msiibandue kwa nyundo. Ifungeni vizuri, kisha ulizeni bei ya wakusanyaji kwanza.