Uzi Unaowaka Bila Kuungua

Kitendawili! Bila shaka mmeitikia "Tega." Basi nategea: nina uzi nyumbani kwangu, kila siku unawaka moto wala hauungui. Mkishindwa, nipeni mji. Nami nikishapewa mji wangu nitawaambia kwamba uzi huo ni waya wa koili, ule uliojiviringa ndani ya pasi, jiko la umeme, tosta na mashine ya kukaushia nywele saluni. Tunautumia kila siku, lakini ni wachache wanaojua umetoka wapi.

Kwamba umeme huleta joto si habari ya jana. Mwaka 1841 Mwingereza James Prescott Joule alitangaza kanuni yake: umeme unapopita katika waya, joto huongezeka kwa kadiri ya ukinzani wa waya huo, na mkondo ukizidi mara mbili, joto huzidi mara nne. Shaba huupitisha umeme bila kuubishia, ndiyo maana kamba ya pasi yako haichomi mkono. Waya wenye ukinzani huubishia umeme, na ubishi huo ndio unaozaa moto.

Watu hawakukawia kuutafutia moto huo kazi. Mwaka 1882 Henry Seeley wa New York alipewa hataza ya pasi ya umeme, na mwaka 1893, katika maonyesho makubwa ya dunia mjini Chicago, umma ulionyeshwa jiko zima linaloendeshwa kwa umeme. Hata hivyo, vyombo hivyo havikuenea upesi. Kwa nini? Sababu mojawapo kubwa ilikuwa waya wenyewe. Chuma kikipata moto hadi kuwa chekundu, hewa hukishambulia, kikabambuka magamba na kukatika. Platinamu huvumilia, lakini nani atanunua pasi yenye bei ya mkufu wa bibi harusi?

Jibu lilitoka kwa mtaalamu wa metali huko Marekani, Albert Marsh, aliyefanya kazi pamoja na mkemia William Hoskins mjini Chicago. Marsh alichanganya nikeli sehemu 80 na kromi sehemu 20, akapata waya ambao leo mafundi duniani huuita nikromu. Hataza yake ilitolewa tarehe 6 Februari 1906. Ukinzani wa waya huo unazidi ule wa shaba mara 60 na ushei, nao hauyeyuki mpaka joto lifike karibu nyuzi 1,400 za Selsiasi.

Lakini siri yake kubwa iko kwenye ngozi. Waya huo unapopata moto, kromi hukutana na oksijeni ya hewani na kufanya utando mwembamba, mgumu, ulioshikamana barabara na waya. Kutu ya chuma humla mwenyeji wake. Utando huu humlinda. Hewa ikija mara ya pili inakuta mlango umefungwa.

Hapo njia ikafunguka. Mwaka 1909 kampuni ya General Electric ilikuwa imeanza kuuza tosta majumbani. Baadaye, huko Hallstahammar nchini Sweden, Hans von Kantzow naye akaja na waya wa chuma, kromi na alumini, uitwao Kanthal. Huo hauna nikeli, na huvumilia joto kali zaidi, kwa hiyo unafaa sana katika tanuri za viwandani na za wafinyanzi. Leo nyaya za jamii hizi zimo ndani ya hita za maji, mashine za kuziba pakiti za karanga na vifaa vya kukatia sponji.

Sasa, ndugu wasikilizaji, turudi mitaani kwetu. Nilipoanza maisha mjini nilikuwa na jiko dogo la koili. Siku moja koili ikakatika, nikamwita fundi wa jirani. Alikata ncha zilizoungua, akaivuta iliyobaki, akaifunga upya. Jioni jiko likawaka kwa ari ya ajabu. "Umeona, kaka? Sasa linachemsha kama gesi," akaniambia, nami nikamsifu na kumlipa. Siku ya nne plagi iliyeyukia kwenye soketi, na ukuta ukabaki na doa jeusi. Upande wa pili wa ukuta ule walikuwa wamelala watoto wa jirani yangu.

Fundi yule hakuwa tapeli. Alikuwa hajafundishwa hesabu moja tu. Ukifupisha koili unapunguza ukinzani, na ukipunguza ukinzani, soketi ile ile inasukuma mkondo mkubwa zaidi. Jiko la wati 1,000 likikatwa robo ya koili yake hugeuka kuwa la wati 1,300 na zaidi. Likikatwa nusu, ni wati 2,000, ilhali kamba na plagi ni zile zile za zamani. Nao waya uliobaki, ukiwa mfupi, unabebeshwa joto la kupita kiasi, kwa hiyo hauchukui muda kukatika tena. Hata pale ulipounganishwa kwa kusokotwa, kama mshiko umelegea, joto hujikusanya hapo hapo.

Kwa hiyo koili ikikatika, chomoa plagi kwanza, kisha nunua nyingine yenye wati na volti zile zile zilizoandikwa kwenye chombo chako. Fyuzi ikiungua, usiweke waya wowote uliouokota. Fyuzi ni mlinzi, na mlinzi hafungwi mdomo. Najua koili mpya ni pesa, na mwisho wa mwezi uko mbali. Lakini piga hesabu ya nyumba pia.

Marsh alitupatia uzi unaowaka bila kuungua. Hakutupatia ukuta wala kitanda cha namna hiyo. Kwaherini, hadi juma lijalo.