Autoexpect

Autoexpect ni programu ya kompyuta inayorekodi mazungumzo kati ya mtumiaji na programu nyingine kwenye terminali, kisha kuyageuza kuwa skripti, yaani faili ya amri inayoweza kurudia kazi ileile bila mtu kukaa kwenye kibodi. Huja pamoja na programu ya Expect na hutumiwa hasa kwenye mifumo ya Unix na Linux.

Historia

Amri ya zamani ya Unix iitwayo script huhifadhi yote yanayoonekana kwenye terminali, lakini faili yake ni kumbukumbu ya kusoma tu. Mwaka 1990 Don Libes wa NIST, taasisi ya taifa ya viwango na teknolojia ya Marekani, alitoa Expect, inayotumia lugha ya Tcl iliyobuniwa na John Ousterhout. Libes ndiye pia mwandishi wa autoexpect.

Utendaji

Msingi wake ni kusubiri swali, kisha kujibu. Mpangilio huo unafanana na huduma za pesa kwa simu: mteja wa M-Pesa anayelipia bidhaa Kariakoo, Dar es Salaam, hupiga *150*00#, huletewa menyu, na hujibu kwa namba hatua kwa hatua hadi namba ya siri. Autoexpect hairekodi simu. Hurekodi mazungumzo ya namna hiyo kwenye kompyuta, kwa mfano kuingia kwenye seva ya mbali.

Mtumiaji huandika autoexpect, hufanya kazi yake kama kawaida, kisha hufunga kwa exit. Hapo hupatikana faili iitwayo script.exp. Ndani yake amri tatu ndizo kuu:

- spawn huanzisha programu;
- expect husubiri maandishi fulani yatokee;
- send hutuma jibu.

Mipaka

Autoexpect haiwezi kutambua lipi ni la lazima na lipi limetokea kwa bahati. Kama tarehe au saa ilionekana wakati wa kurekodi, kesho yake skripti itasubiri tarehe au saa ileile, tena bila kikomo, kwa kuwa kikomo cha muda huwekwa -1. Chaguo la -p hupunguza tatizo hilo kwa kusubiri mstari wa mwisho tu, ambao kwa kawaida ndio wenye swali. Hata hivyo, skripti inapaswa kusomwa na kuhaririwa kabla ya kutegemewa.

Usalama

Neno la siri halionekani kwenye skrini linapoandikwa, lakini autoexpect hunasa kila kinachobonyezwa. Kwa hiyo neno hilo hubaki wazi ndani ya script.exp, na yeyote anayeweza kufungua faili hulisoma. Hatari ni kubwa zaidi kwenye kompyuta inayotumiwa na watu wengi. Inafaa kulifuta na kuifanya skripti imwulize mtumiaji kila inapoendeshwa, au kutumia funguo za SSH ili neno la siri la seva lisihitajike.