Umeme ukikatika, nani anakumbuka? Historia fupi ya otomate na programu yake

Kila anayefanya staji mu kiwanda atakutana na ulizo hili siku moja. Umeme umekatika usiku, asubuhi umerudi, lakini mashini haitembei. Kwenye otomate taa nyekundu inawaka, programu haiko tena. Juu ya nini? Wengi wanajibu haraka: "Ni delestaji." Jibu hilo ni nusu tu. Ile nusu nyingine iko mu historia ya kifaa chenyewe.

Otomate ni lile sanduku mu kabati la umeme linalosoma vifungo na sensa, linaamua, kisha linawasha mota na kufungua vali. Mbele yake, kazi ile ilifanywa na relei, mamia kwa mamia, zimefungwa kwa waya. Programu ilikuwa waya zenyewe. Umeme ungekatika saa tatu ao miezi mitatu, waya zilibaki pale pale. Shida ilikuwa kubadilisha. Mu viwanda vya magari vya Marekani, modeli mpya ilimaanisha kufungua makabati na kufunga waya upya, kazi ya siku nyingi.

Mwaka 1968, Hydra-Matic, kitengo cha General Motors kilichotengeneza gia za otomatiki, kiliomba kifaa kinachoweza kubadilishwa bila kugusa waya. Kampuni moja ndogo ya Massachusetts, Bedford Associates, alimokuwa Dick Morley, ilileta jibu mwaka 1969. Kifaa kiliitwa 084, sababu ulikuwa mradi wao wa 84. Kutoka hapo kampuni ya Modicon ikazaliwa.

Sasa angalia jambo hili, maana wengi wanalipita. Kifaa kile cha kwanza hakikusahau. Kumbukumbu yake ilikuwa pete ndogo sana za feraiti zilizopitishwa nyuzi za waya. Kila pete ilishika sumaku upande mmoja ao upande mwingine, na sumaku haihitaji umeme ili ibaki. Zima mashini, ondoka, rudi kisha wiki: programu iko. Watu wa kiwanda walizoea relei zisizosahau, basi wakapewa otomate isiyosahau.

Juu ya nini pete ziliachwa? Bei na ukubwa. Kuzipitisha nyuzi ilikuwa kazi ya mikono na macho. Mwaka 1969 Intel ilianza kuuza kumbukumbu ya silikoni, na bei ikaendelea kushuka. Otomate zikawa ndogo, zikafika hata mu viwanda vidogo. Lakini kumbukumbu ile, RAM, ni kama ubao wa darasa unaojifuta wenyewe mara tu umeme unapokwisha. Mainjenia wakaweka dawa rahisi: batri ndogo, mara nyingi ya lithiamu, ya kulinda ubao wakati umeme hauko. Otomate nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zilijengwa hivyo. Siemens S5, iliyotoka mwaka 1979, ni mfano mmoja.

Hapa njo kuna fundo la mambo. Batri ile inafanya kazi nzito paka wakati umeme haupo. Mu kiwanda ambamo umeme unakatika mara mbili kwa mwaka, inaweza kukaa miaka mingi. Mu kiwanda kinacholala gizani kila usiku, batri ile ile inafanya kazi kila usiku. Na kama kiwanda kimefungwa miezi, inamalizika kimya, hakuna anayeona taa yake ya onyo, sababu hata taa hiyo haina umeme. Kwetu Congo, laini ya Inga–Kolwezi, karibu kilometa 1,700, ilimalizika mwaka 1982, wakati otomate za batri zilikuwa zinaenea duniani. Hesabu ya maisha ya batri iliyoandikwa mu kitabu cha mtengenezaji haikufikiria delestaji yetu. Ukiifuata vile ilivyo, utachelewa.

Kulikuwa na dawa ya pili: EPROM, iliyovumbuliwa na Dov Frohman pale Intel mwaka 1971. Hiyo haisahau bila umeme, na inafutwa kwa mwanga wa urujuanimno kupitia kidirisha chake. Lakini ilileta mtego wake. Fundi anabadilisha programu mu RAM wakati mashini inatembea, kazi inaenda vizuri, hakuna anayeandika EPROM mpya. Miaka inapita. Siku batri inakufa, otomate inachukua programu ya zamani mu EPROM. Mashini inaamka, taa ni ya kijani, lakini inafanya kazi kama miaka mitano nyuma: muda si ule, usalama ulioongezwa kisha ajali haupo. Hatari hii inapita ile ya mashini kugoma.

Basi ukiitwa asubuhi ile, usikimbilie kuingiza programu. Kwanza pima umeme unaolisha otomate, maana umeme unaporudi unaweza kuunguza kilishi chake. Pili, unganisha kompyuta usome: programu imepotea kweli, ao otomate imesimama tu? Tatu, pima batri. Kama imekufa, weka mpya. Kwenye otomate nyingi za aina ile inabadilishwa umeme ukiwa umewashwa, la sivyo unafuta hata kile kilichobaki. Nne, tafuta kopi na uulize tarehe yake. Tano, kumbuka kwamba programu si kila kitu: mida, vihesabio na vipimo vilivyoingizwa na waendeshaji pia vilikuwa mu RAM. Mwisho, jaribu huku mota zimekatiwa nguvu, na watu wako mbali.

Leo otomate mpya zinatumia kumbukumbu ya flashi, ambayo Fujio Masuoka wa Toshiba aliitangaza mwaka 1984. Programu inabaki bila batri. Lakini mashini za zamani bado ziko, nyingi zilinunuliwa zikiwa zimeshatumika, na kompyuta inayoweza kuongea nazo ni ya zamani vilevile.

Kutoka pete mpaka batri, kazi ya kukumbuka ilihama: ilitoka mu mashini ikaingia mu mikono ya watu. Hakuna aliyetangaza uhamisho huo. Mara nyingi kopi ya programu ilibaki kwa aliyefunga mashini, na alipoondoka, aliondoka nayo. Hapo kiwanda kinasimama hata kama umeme umerudi, na kinamlipa mgeni ili aandike upya kile kilichokuwa chake.

Wewe uliyemaliza masomo juzi, wiki ya kwanza mu kazi uliza mambo matatu: kopi iko wapi, ni ya tarehe gani, na batri ilibadilishwa lini. Kama hakuna anayejua, hiyo njo kazi yako ya kwanza, mbele umeme haujakatika.