Queen (bendi)

Queen ni bendi ya muziki wa roki iliyoundwa London, Uingereza, mwaka 1970. Wanamuziki wake wanne, waliodumu pamoja kwa miaka 20, walikuwa Freddie Mercury (mwimbaji na mpiga piano), Brian May (gitaa), Roger Taylor (drams) na John Deacon (gitaa la besi). Wote walikuwa watunzi, jambo la nadra katika bendi za aina hiyo.

Asili

Mercury alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, mtoto wa familia ya Waparsi. Baba yake alikuwa mshika fedha wa mahakama katika serikali ya kikoloni. Mercury alisomea shule ya bweni huko Panchgani, India, na humo alipiga piano katika bendi ya wanafunzi iliyoitwa The Hectics. Baada ya Mapinduzi ya 1964 familia ilihamia Feltham, pembezoni mwa London.

May, mwanafunzi wa fizikia, na Taylor walikuwa na bendi yao, Smile, tangu 1968. Mwimbaji wao Tim Staffell alipojitoa mwaka 1970, Bulsara alishika nafasi yake. Ndiye aliyeipa bendi jina la Queen, na mwenyewe akajiita Mercury. Deacon aliingia mwaka 1971, baada ya wapiga besi wengine kujaribiwa bila kufaa.

Gitaa la May alilitengeneza mwenyewe na baba yake kuanzia 1963. Shingo yake ilichongwa kutoka ubao wa meko kuukuu, alama zake ni vifungo vya lulumizi, na hadi leo nyuzi zake hupigwa kwa sarafu ya peni sita. Sauti yake haifanani na gitaa lolote la dukani.

Bohemian Rhapsody

Albamu ya kwanza ilitoka mwaka 1973 bila kishindo. Wimbo wa Killer Queen (1974) ndio uliowafungulia njia. Kilele kilifika mwaka 1975. Bohemian Rhapsody, utunzi wa Mercury, una dakika karibu 6, hauna kiitikio, na katikati unageuka opera. Kurekodi kulianzia studio ya Rockfield, Wales. Mercury, May na Taylor walirundika sauti juu ya sauti kwa siku nyingi, hata utepe ukachakaa na kuanza kupitisha mwanga. Katika sehemu ya opera linasikika neno bismillahi, ambalo msikilizaji wa Unguja hahitaji kutafsiriwa.

Wakubwa wa kampuni ya santuri waliuona mrefu mno kwa redio. Mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio aliupiga mara 14 katika wikiendi moja, na wasikilizaji wakaanza kuudai madukani. Ulikaa nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki 9. Video yake ilipigwa kwa saa chache tu.

Miaka ya viwanja

We Will Rock You na We Are the Champions (1977) zilitungwa mashabiki waweze kushiriki. Another One Bites the Dust (1980), utunzi wa Deacon, uliongoza chati za Marekani.

Oktoba 1984 bendi ilipiga Sun City, Bophuthatswana, ndani ya Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, wakati wasanii wengi wakiisusia nchi hiyo. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini, na doa hilo halikufutika upesi.

Tarehe 13 Julai 1985, katika tamasha la Live Aid uwanjani Wembley, walipiga kwa dakika 21 hivi na kuwafunika wote waliopanda jukwaani siku hiyo. Onyesho la mwisho la Mercury na bendi lilikuwa Knebworth, tarehe 9 Agosti 1986.

Baada ya Mercury

Mercury alifariki tarehe 24 Novemba 1991, siku moja baada ya kutangaza kuwa ana UKIMWI. Deacon alistaafu mwaka 1997. May na Taylor wameendelea na waimbaji Paul Rodgers, kisha Adam Lambert.

Mwaka 2019 makumbusho ya Mercury yalifunguliwa Mji Mkongwe, Unguja.