Steji Tulikuwa Nayo, Matatu Hatukuwa Nayo

Julai 2021 Richard Branson alienda juu, siku tisa baadaye Jeff Bezos naye akaenda. Mwezi uliofuata kampuni ya Branson ikaanza kuuza tiketi kwa dola 450,000. Mtu wa Kangemi akisikia hiyo bei anacheka tu. Anaona hizo ni stori za watu wengine.

Lakini zilipitia kwetu kitambo. Aprili 1967 Waitaliano walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, Jamhuri Dei, ikarushwa hapo setilaiti ya Wamarekani, ya kwanza duniani iliyotengenezwa kuchunguza eksirei za nyota. Wakaiita Uhuru. Walifuata ikweta yetu, manake hapo mzunguko wa dunia unaisukuma roketi bure. Roketi ya mwisho iliondoka 1988.

Sasa cheki. Setilaiti ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 2018, ilibebwa na roketi ya kampuni ya Elon Musk. Taifa-1, Aprili 2023, pia ilibebwa na kampuni hiyo hiyo, kutoka California. Sisi wenye ikweta tumekuwa abiria.

Kuwachukia mabilionea ni rahisi. Lakini mwenye steji si mwenye matatu. Gari likihama, anabaki na vumbi. Wageni wengine wakija kuomba ikweta, tuwaulize kwanza: vijana wetu watajifunza kuendesha, ama watapiga debe tu?