Mrina Asali na Mwanaikolojia

Katika nyika kavu ya Mbeere, kandokando ya soko la Ishiara, elimu ya wadudu ilitangulia chuo kikuu. Mrina asali aliyetundika mizinga ya magogo alijua mgunga huchanua lini na nyuki huhama msimu gani. Elimu hiyo aliirithi, akaijaribu kila mwaka, akamwachia mwanawe.

Mapokeo ya pili yanabeba jina la Thomas Odhiambo. Alisoma Makerere na Cambridge, kisha mwaka 1970 akaanzisha jijini Nairobi kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE. Naye alitazama wadudu maisha yake yote. Ila alichokiona alikipima, akakiandika na kukiweka mbele ya wenzake wakikosoe.

Tusidhani mapokeo ya kwanza ni mazoea tu na ya pili ndiyo ujuzi. Wakulima wa kusini mwa China walitumia wadudu chungu kulinda michungwa yapata miaka 1,700 iliyopita. Miaka ya 1950, mtafiti Michael Way alichunguza huko Zanzibar jamaa wa chungu hao, maji moto, wanaolinda minazi dhidi ya mdudu anayefyonza nazi changa. Jambo ni lile lile. Way aliongeza mipaka ya ulinzi huo: chungu wa aina nyingine wakiwafukuza maji moto, mnazi hubaki bila mlinzi.

Mapokeo yenyewe pia yana mipaka, na hapo ndipo yanapotofautiana. Nzi wa matunda kutoka Asia alipogunduliwa Kenya mwaka 2003, hakuna mzee aliyewahi kumwona akitoboa embe. Watafiti wakaleta mitego yenye chambo cha kuvuta madume, na nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mayai ya nzi. Lakini maembe yaliyooza chini ya mti yasipookotwa, nzi huzaliana upya na kuvamia shamba la jirani. Hapo maabara haina nguvu. Anahitajika mtu anayesikilizwa kijijini.

Kwa hiyo kijana wa Ishiara anayetaka kazi ya kutafiti wadudu ajifunze takwimu kwa bidii, na akae na warina asali kwa bidii ile ile. Mtafiti hulinganisha mahali pengi. Mrina hukumbuka miaka mingi ya mahali pamoja, hata baada ya fedha za mradi kwisha. Na kijana huyo ayasome matokeo ya utafiti wake kwa Kimbeere mbele ya wenye miembe, kwa kuwa nao wana haki ya kuyakosoa.